Kwa Évariste Bolamba, Aliyechora Kila Siku Kitu Kimoja

Jumapili, tarehe 9 Machi 1958. Asubuhi ya leo ukungu ulilala juu ya mto mpaka saa tatu, mvua ndogo ikanyunyiza mabati bila kulowesha uwanja, halafu jua likatoka kali tulipokuwa tunarudi kutoka Misa.

Évariste, mwaka umezunguka ukarudi pale pale ulipotuacha. Homa ya mapafu ilikuchukua kwa siku tatu tu, na ulipolazwa katika jeneza bado ulikuwa na mstari wa wino kwenye ukucha wa dole gumba. Leo padri ametaja jina lako altareni, katika Jumapili hii ya tatu ya Kwaresima, na sisi watu wa nyumba yako tumekusanyika hapa kwako, mtaa wa Tshopo, Kisangani. Tunasema nawe, na majirani wasikie.

Wasikie hasa jambo moja. Kwa zaidi ya miaka mitano jina lako limebeba doa lisilo lako, na siku ya maziko yako doa hilo lilitajwa mbele ya jeneza. Philomène, mke wako, alisikia akanyamaza. Mwaka mzima kimya hicho kimekula naye mezani, na hata kanisani kimepiga magoti pembeni yake. Leo amekivunja. Lakini tuanze na furaha, maana wewe kila siku ulianza na furaha.

Ulikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya barabara hapa mjini. Asubuhi ulivaa shati jeupe, ukakunja mikono mara mbili, ukachukua kisanduku chako cha mbao ambacho ndani yake kila kitu kilikuwa na shimo lake la kulalia: bikari, kisu kidogo cha kukwangulia, kalamu za kuchovya, na ile kalamu ya mistari yenye midomo miwili ya chuma na skrubu ubavuni. Ukikaza skrubu, mstari unakuwa mwembamba kama unywele. Ukiilegeza, unakuwa mnene kama uzi wa nyavu. Hukuwahi kuiweka juu ya kazi kabla ya kuijaribu kwenye ukucha wako. Ndiyo maana ukucha ule haukutakata kamwe, ingawa kila Jumapili ulikuwa ukiusugua kwa ndimu kabla ya kwenda kupokea Komunyo.

Wino wa chupa hukuupenda. Ulikuwa na kipande cha wino mkavu, cheusi, kirefu kama kidole. Ulidondosha maji matone matatu katika kisahani, ukasugua polepole ukizungusha mkono, kama mtu anayesagia mgonjwa dawa. Philomène anasema saa hiyo ndiyo aliyokupenda zaidi. Nyumba ilinyamaza. Harufu ya wino ilikuwa kama ya moshi na mvua pamoja, na mtu aliyekuja na ugomvi wake alisimama mlangoni, akatazama, akasahau alichojia.

Na kila siku, mbali na kazi ya ofisi, ulichora kitu kimoja kwa ajili yako mwenyewe. Kimoja tu. Ulichora katika daftari la karatasi zilizotupwa ofisini, ambalo Philomène alilishona kwa uzi wa nyavu uliotumwa na kaka yako Octave kutoka Basoko. Ulichora viatu vya jirani vilivyoachwa mlangoni, mtumbwi uliogeuzwa chini juu, vijiti vya mitego ya samaki pale kwenye maporomoko, kinyozi aliyesinzia na mkasi mkononi. Ulisema kwamba Mungu ameumba vitu vingi mno kwa watu wachache wanaovitazama, na kwamba wewe unamsaidia kidogo tu katika kutazama.

Nani atasahau siku ya samaki? Kaka yako Octave alishuka kwenye meli na samaki aina ya kapitene, mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, naye Octave hajala kitu tangu Basoko. Philomène akashika kisu. Wewe ukashika daftari.

"Mama Jacques, ngoja kwanza," ukamwambia mke wako. "Magamba yake iko inangaa bado."

"Ndugu yangu," akasema Octave, "hii samaki imekufa mara moja. Unataka ikufe mara mbili?"

"Dakika kumi tu, yaya," ukamwomba mkubwa wako.

"Tumbo yangu haina saa! Haijue dakika!"

Zilipita dakika arobaini. Tulikula pondu ya majani ya muhogo na mkate wa muhogo, kwanga, na kapitene tukamla jioni, lakini katika daftari bado anang'aa. Octave mwenyewe aliukata ukurasa ule na kuuning'iniza nyumbani kwake.

Na yule mama wa sokoni aliyeuza makemba, ndizi za kupika, uliyemchora bila ruhusa?

"Papa, weye unaniangalia bure namna hii? Nunua kwanza!"

"Minanunua, mama. Ila usigeuze kichwa."

Alipoletewa daftari aone, alipiga kelele mpaka soko zima likaja. "Eh! Hii pua iko ya nani?"

"Iko yako, mama."

"Apana! Yangu iko ndogo. Punguza!"

"Wino haipungukake, mama. Bon, nitakuongezea makemba."

Ukamjazia karai lake ndizi kwa kalamu, chane juu ya chane, mpaka akacheka akakupa ndizi moja ya kweli kwa ajili ya ule uongo mzuri.

Katika daftari hukutumia penseli, wala hukufuta. Mstari ukienda vibaya uliuacha, ukaweka msalaba mdogo pembeni. Lambert, mwenzako wa ofisini, alikuuliza sababu, nawe ukamjibu: "Kule kazini ninakwangua kosa sababu barabara itapita pale. Hapa ninaliacha, ili kesho nijue macho yangu ilinidanganya wapi." Majina yako yote ya ubatizo na ya ukoo yamo katika jibu hilo. Tungekuwa na jiwe kubwa la kutosha, tungeliandika juu ya kaburi.

Sasa tufike kwenye lile doa.

Wake wa wachoraji wa ramani wanajua jambo ambalo wanawake wengine hawalijui. Ramani iliyokamilika huchorwa juu ya kitambaa maalumu, kigumu kama karatasi, cha samawati hafifu, kinachopitisha mwanga. Ugumu wake ni wanga tu. Ukikichemsha na kukisugua, wanga unatoka, wino unatoka nao, na mkononi inabaki kitani nyeupe, laini, ambayo hakuna duka la Kisangani linaloiuza. Vipande vilivyoharibika ofisini viligawiwa wafanyakazi, na wake zao wakavishona leso, mito, nguo za watoto wachanga. Nusu ya watoto wa mtaa wetu wamebatizwa wakiwa wamevaa barabara na madaraja, na hakuna aliyejua.

Mwezi wa kumi mwaka 1952, Bibiche wetu, binti yako, alikuwa na miezi miwili, na ubatizo wake ulipangwa Jumapili. Wiki hiyo hiyo paa la ofisi lilikuwa linavuja. Mchoro wa kwanza wa penseli wa barabara mpya, ile inayoteremka kutoka Tshopo kwenda mtoni, ulikuwa umekwisha kuharibiwa na maji. Uliruhusiwa kuileta nyumbani ramani yenyewe ya kitambaa, kazi ya miezi mitatu, uimalizie mahali pakavu. Ilitakiwa Jumatatu.

Ukaiweka juu ya kabati. Kando yake ilikuwepo kunjo nyingine, ya vipande vya kufua. Kwenye karatasi iliyofunga moja uliandika *Kazi*, kwenye ile ya nyingine *Kitambaa*, ukaenda ofisini ukiwa na amani moyoni. Ulisahau kitu kimoja tu, Évariste, kwa sababu ya kuzoea: mke wako hakujua kusoma.

Ijumaa asubuhi Philomène alichukua ile iliyokuwa safi zaidi.

Ulirudi mchana. Kwenye kamba, kati ya nyumba na mpapai, kitani nyeupe ilikuwa inapepea, na Philomène alikuwa anaimba wimbo wa Bikira Maria huku akipima kwa macho urefu wa kanzu ya mtoto. Maji ya beseni yalikuwa meusi. Ulikiinua kitambaa juani, ukakitazama upande huu, ukakigeuza upande ule. Hapakuwa na kitu. Hata kivuli cha mstari.

"Papa Jacques," akasema, "iko mweupe sana, eh? Itamupendeza mutoto."

Alikuona ukitoa kofia, na hapo akaelewa kwamba kuna jambo, maana wewe ulitoa kofia kwa Mungu tu. Akatazama beseni. Akatazama juu ya kabati. Akakaa chini kwenye udongo wenye maji.

"Nimekuua," alisema. "Papa Jacques, nimekuua na kazi yako."

"Apana." Ulikaa naye pale pale chini, na suruali yako ya ofisi. "Hujaua mutu. Umefua nguo ya mutoto."

Kisha ulisali. Philomène anakumbuka sala yenyewe kwa sababu ilikuwa fupi: *Bwana, ulionyesha, nami nilitazama. Sasa nikumbushe.* Ukamwambia alete madaftari.

Yalikuwa kumi na tisa. Vipimo vya urefu ulikuwa navyo katika kijitabu cha mfukoni. Lakini nyumba, mifereji, mawe, njia za miguu, kona ya mti huu na ukingo wa ule, vyote vilikuwa vimekaa katika kitambaa kile tu. Kumbe, vilikaa pia mahali pengine. Miaka minane ulikuwa umeteremka njia ile kila siku na daftari kwapani. Tatizo lilikuwa kupata ukurasa mmoja kati ya maelfu, maana uliandika tarehe tu, wala hukukumbuka tarehe.

"Nyumba ya Pétronille," ulinong'ona, "ile ya pembeni, mulango iliangalia wapi? Kabla ya kubomoa ukuta..."

Philomène alipangusa uso kwa kanga. Akavuta daftari la saba, akafungua katikati, akaweka kidole. Nyumba ya Pétronille, mlango ukitazama mto, na mbuzi amefungwa dirishani.

Ulimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Ulijua namna gani?"

"Ile siku mbuzi ilikula sabuni yangu," alisema. "Na jiwe kubwa iko mu daftari yenye doa ya mafuta. Na mufereji, ulichora siku nilikuwa na homa, ulikaa pa kitanda yangu."

Kumbe kila jioni, akisongea moto, alikuwa anapekua madaftari yako peke yake, ukurasa baada ya ukurasa, bila kukwambia. Hakuwa anajua herufi moja, lakini michoro yako aliijua kama mtu anavyozijua nyuso za watu wa nyumbani. Tangu mchana huo, na Jumamosi yote kuanzia macheo hadi mwanga ulipofifia, wewe uliuliza na yeye akafungua. Alikusagia wino. Alikushikia rula ile ndefu ya kichwa cha msalaba isiteleze mezani. Mwanao Jacques, aliyekuwa na miaka sita, alitumwa mkate wa kufutia penseli, akala nusu njiani, na wewe ukafutia nusu iliyobaki bila neno.

Jumapili hukugusa kalamu. Pembe moja ya kusini ilikuwa haijakamilika, na Philomène alikusihi, lakini ulisema kwamba siku hiyo ni ya Bwana, na kwamba Bibiche hatapelekwa kubatizwa na baba ambaye mawazo yake yako mezani. Ulimbeba mwenyewe hadi kwenye maji matakatifu. Kanzu yake ilikuwa nzuri kuliko zote.

Jumatatu mlangoni mwa ofisi Lambert alikushika mkono. Ulimwambia ramani ya kwanza imeharibika, hukumwambia imeharibikaje.

"Sema mvua iliingia kwako pia," alisema Lambert. "Ama sema bibi yako pale nyumbani. Batacheka kidogo, basi, imeisha."

Ukasimama mbele ya mkuu wa ofisi na wachoraji wote, ukafungua ramani mpya, ukasema: "Ile ya kwanza ilikuwa mikononi mwangu, na imepotea mikononi mwangu. Kosa ni langu. Hii nimeichora upya. Pembe ya kusini bado, nitaimaliza leo."

"Imepoteaje?"

"Kosa ni langu, bwana."

Hukusema zaidi, wala hukusema uongo. Mkuu aliikagua kazi kwa rula yake mwenyewe mpaka adhuhuri. Akakuta mahali pamoja kijito kidogo cha msimu wa mvua, ambacho, alisema, hakumbuki kukiona katika ile ya kwanza. Akatuma mtu aende kuangalia. Kijito kilikuwepo. Barabara ile leo ina kalvati mahali pale, na akina mama wanapita na ndoo zao bila kukanyaga tope.

Hukufukuzwa. Lakini katika faili lako liliandikwa neno *mzembe*, na miaka miwili baadaye, meza ya kwanza, ya mkubwa wa wachoraji, ilipokosa mtu, alipewa Lambert. Na kwa kuwa hukueleza, watu walijieleza wenyewe. Walisema ulimwagia ramani pombe. Wewe, uliyekunywa kahawa tu! Walisema ulilala juu yake umelewa. Baadaye ikawa mzaha: akipita mtu na chupa walimwambia, "Pitia mbali na meza ya Évariste." Ulicheka nao, ukachovya kalamu.

Philomène alitaka kusema. Zaidi ya mara moja alifunga kitenge chake cha kanisani ili aende ofisini. Ulimzuia. "Watakucheka weye sokoni mupaka uzee wako," ulimwambia. "Mimi wananicheka mu ofisi tu, na saa kumi na moja tunafunga."

Badala yake ulimpeleka mahali pengine. Wiki ile ile mlikwenda pamoja hadi darasa la jioni la parokia, ukamwambia mwalimu, mbele ya benchi lililojaa kina mama: "Huyu amenipatia kurasa mia mbili bila kukosea hata moja. Munipatie mwanamuke mwengine namna hii." Mwalimu hakuelewa, lakini alimwandika. Ulimchongea penseli kila jioni kwa kisu chako kizuri. Alijifunza polepole, akilia mara nyingine, akisali kabla ya kila somo, na neno la kwanza alilolisoma nyumbani bila msaada lilikuwa katika mkono wako, juu ya ile karatasi ya kufungia, bado kabatini: *Kazi*.

Haya ndiyo Philomène aliyokaa nayo kimya siku ya maziko yako, Lambert aliposimama kaburini, mwenye machozi ya kweli, akasema: "Alikuwa na mukono wa zahabu. Siku moja tu chupa ilimushinda, na sisi wote tulimusamehe." Watu wakaitikia kwa vichwa. Philomène alijiambia wewe ndiwe uliyetaka hivyo. Mwaka mzima amejiambia hivyo, na Kwaresima hii, akisali, ameona kwamba ulimkinga ulipokuwa hai, na sasa yeye ndiye anayejikinga kwa jina lako.

Kwa hiyo leo, baada ya chakula, alisimama katikati ya uwanja. Alikuwepo kaka yako Octave aliyefika jana kwa meli. Walikuwepo watoto wako Jacques na Bibiche, dada yako Clothilde, jirani Pétronille, na Lambert ambaye amekuja na kofia mkononi. Alieleza yote, kuanzia kunjo mbili za kabatini hadi maji meusi ya beseni. Hakulia.

"Mungu wangu," alisema Lambert. "Na mimi nilisema ile maneno pa kaburi yake."

"Ulisema kitu ulijua, Lambert. Mimi nilijua na sikusema."

"Meza ile nimeikalia miaka ine."

"Haukuiiba," alisema Philomène. "Lakini kesho nitahitaji unifungulie mulango ya ofisi."

Octave alikohoa. "Shemeji, bazungu ba ofisi batakucheka. Soko yote itakucheka."

"Bacheke, yaya. Saa kumi na moja banafunga."

Hapo Clothilde alicheka kwa kilio, na sisi wote tukamfuata, na ilikuwa kama umeingia uwanjani.

Évariste, sisi tunaokukumbuka ni hawa: mke wako Philomène, watoto wako Jacques na Bibiche, kaka yako Octave na nyumba yake yote ya Basoko, dada yako Clothilde, na Lambert, ambaye leo ameomba ahesabiwe pamoja nasi, nasi tumemkubali. Siku zetu zitakwisha, kukukumbuka hakutakwisha. Bwana akupe nuru ya kutazama isiyofifia jioni.

Na hili ndilo alilolisema mke wako mwishoni, amesimama, mkono wa kulia ameuinua, mbele yetu sote, nasi tukaitikia amina:

"Kesho Jumatatu, saa moja, nitasimama mbele ya mukubwa wa ofisi na watu wake wote, na nitasema kwa kinywa changu: mimi Philomène ndiye niliyeifua ramani ile, sikujua kusoma, na mume wangu hakuwa mulevi wala muzembe. Nitawaomba walete faili yake. Na lile neno, nitalisoma mimi mwenyewe, kwa sauti, na sitatoka mule mupaka wamelifuta."